Je, makocha wa Harambee Stars hutumia vipaji ipasavyo?

ELDORET ni mji wa riadha, lakini vijana wa mtaa wa Huruma hawajaacha kusakata kabumbu. Swali linalowagawanya mashabiki wa soka huko ni lile linalosikika nchini kote: je, Harambee Stars hukosa wachezaji, au hukosa kocha wa kuwatumia?

Lawama hiyo ilimwandama sana Engin Fırat, raia wa Uturuki. Katika mechi sita za kufuzu kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2025, Stars walifunga mabao manne tu na kuzoa pointi sita, nyuma ya Cameroon na Zimbabwe. Ilhali nahodha wao alikuwa Michael Olunga, aliyetikisa nyavu mara 28 katika Ligi Kuu ya Japan mwaka 2020. Fowadi wa kiwango hicho mara nyingi aliachwa mpweke, akingoja pasi zisizomfikia.

Kweli, viwanja vya Nairobi vilikuwa vimefungwa, na mechi za ‘nyumbani’ zikachezewa nje ya nchi. Lakini uwanja haupangi kikosi. Fırat alijiuzulu Desemba 2024.

Ushahidi mzito dhidi yake ulikuja baadaye. Agosti 2025, chini ya Benni McCarthy wa Afrika Kusini, wachezaji wa ligi ya nyumbani waliingia dimba la CHAN bila kutarajiwa makuu. Waliilaza DR Congo 1-0, wakatoka sare ya 1-1 na Angola, kisha wakazichapa Morocco na Zambia bao moja kwa bila kila moja. Madagascar iliwatoa kwa penalti katika robo fainali, na Morocco hiyo hiyo ikatwaa kombe.

Hata hivyo, ni mapema kumvika McCarthy taji. Septemba hiyo, akiwa na wachezaji wa ng’ambo pia, alichapwa 3-1 na Gambia ugani Kasarani. Novemba, Senegal ikawanyuka vijana wake 8-0 katika mechi ya kirafiki. Kikosi cha CHAN kilikaa kambini kwa wiki kadhaa. Hiki cha pili hukutana kwa siku chache tu. Kocha aliye na siku chache hana budi kuchagua mfumo mmoja na kuushikilia, na hapo ndipo McCarthy alipoyumba.

Lakini Huruma ina malalamiko yake ya ziada. Miaka ya 1990, Rivatex ya Eldoret ilicheza ligi ya juu. Msimu wa 2024/25, mji huo haukuwa na klabu hata moja katika Ligi Kuu, na kikosi cha CHAN kilitegemea zaidi klabu za Nairobi kama Kenya Police, Gor Mahia na Tusker. Kijana wa Huruma anayetaka kuonwa na kocha wa taifa, awe nani, sharti kwanza ahame.