Kinamasi si Hasimu wa Umeme

Yapo maneno yanayosemwa mara nyingi hata yakadhaniwa kuwa kweli. Miongoni mwake ni haya: kwamba kinamasi na umeme ni mahasimu, na kwamba taifa litakalo nuru halina budi kukitoa kinamasi kafara. Nia ya insha hii ni kuyapinga maneno hayo, maana yamekwisha kutugharimu vya kutosha.

Hatukatai kwamba njia za umeme zahitaji kutunzwa. Tawi likigusa waya huleta hitilafu. Nguzo iliyooza huanguka, na waya ulioanguka huua. Umeme ukikatika, zahanati hukosa baridi ya kuhifadhia chanjo na pampu ya maji husimama. Asemaye kwamba mafundi wasitie mguu kinamasini kamwe ataka jambo lisilowezekana, nasi hatumo katika kundi lake.

Walakini kutunza ni jambo moja, na kuharibu ni jambo jingine. Gari zito lipitapo juu ya udongo laini wakati wa mvua huacha mifereji, na mifereji hiyo huendelea kuyamwaga maji ya kinamasi siku nyingi baada ya fundi kwenda zake. Dawa ya kuua magugu inyunyizwayo chini ya nyaya haitulii ilipowekwa, hufuata maji. Mafunjo nayo hufyekwa yote, ingawa kwa kawaida kimo chake hakizifikii nyaya. Utetezi wa matendo hayo ni mmoja tu: kwamba ni rahisi. Twauliza: ni rahisi kwa nani?

Waya hauna cha kubeba pasipo kituo, wala kituo cha maji hakina nguvu pasipo maji. Ushahidi uko Rwanda. Kaskazini mwa nchi hiyo kipo kinamasi cha Rugezi. Maji yake huingia ziwa Burera, kisha ziwa Ruhondo. Kati ya maziwa hayo kimejengwa kituo cha umeme cha Ntaruka, na chini yake kituo cha Mukungwa. Kinamasi kilichimbwa mifereji kikalimwa, na udongo wa vilima ukamomonyoka. Mvua zikapungua, na kituo chenyewe hakikutunzwa vema. Mwaka 2003 na 2004 kina cha Burera kilishuka vibaya, umeme ukaadimika, serikali ikalazimika kukodi mitambo ya dizeli kwa gharama kubwa. Hayo ndiyo matunda ya urahisi.

Rwanda ilijifunza. Kilimo kilikatazwa kinamasini, mianzi na majani yakapandwa kandokando, matuta yakachimbwa vilimani. Mwaka 2005 Rugezi iliingia katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa 1971, unaolinda vinamasi vyenye thamani kwa ulimwengu. Maji yakarudi, na mitambo ya Ntaruka ikarudiwa na nguvu zake. Lakini wakulima waliotoka kinamasini walipoteza mashamba. Si haki mnyonge alipe peke yake ili taa ya mwingine iwake.

Kwa hiyo twadai kwamba gharama ya kutunza kinamasi iandikwe katika hesabu ya shirika la umeme, pamoja na nguzo na nyaya, wala isihesabiwe kuwa sadaka. Kazi nzito ifanywe wakati wa kiangazi. Magari yapite juu ya mbao zilizotandikwa. Yakatwe kwa mikono matawi yale tu yaletayo hatari. Nyaya zitundikwe alama zionekanazo, kwa kuwa korongo wenye taji, waliomo katika hatari ya kutoweka, hufa kwa kujigonga nazo.

Patakuwa na watakaosema kwamba haya yataongeza bei ya umeme. Labda yataongeza kidogo. Lakini mwenye kuogopa gharama ya mbao na mapanga na akumbuke gharama ya dizeli.

Wahenga walisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Shirika liuzalo umeme wa maji litayahitaji maji kesho kama liyahitajivyo leo, na mkunga wa maji hayo ni kinamasi.