AFYA YA NYUMBANI: Kikohozi cha Baba na Darubini ya Maabara

Mama mpendwa, kama unakaa Tunduma, Mlowo au Vwawa, unayajua maisha ya barabara kuu ya Zambia. Malori hupanga foleni kungoja kuvuka kwenda Nakonde, na madereva na utingo wao hulala ndani ya kebini vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi. Baba akirudi anakohoa, husema ni vumbi la njiani. Huenda ni kweli. Lakini kikohozi kikipita wiki mbili, tusilisingizie vumbi tena. Ni lazima apimwe kifua kikuu, hasa akiwa anakonda, anatoka jasho usiku au ana homa za jioni.

Kidudu kisichoonekana

Kifua kikuu si uchawi, wala si ugonjwa wa ukoo. Huletwa na vijidudu vidogo mno: ukiwapanga kama 300 kwenye mstari mmoja, hawazidi milimita 1 hivi. Ndiyo maana kwa miaka mingi watu walikufa bila kujua kinachowaua.

Mmoja wa watu wa kwanza kuona vijidudu alikuwa muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aitwaye Antoni van Leeuwenhoek. Alisaga vioo vidogo kwa mikono yake, na mwaka 1676 akawaandikia wataalamu wa London habari za viumbe aliowaona ndani ya maji. Baadaye, tarehe 24 Machi 1882, daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amemwona kidudu cha kifua kikuu. Ndiyo sababu kila tarehe 24 Machi ni siku ya kifua kikuu duniani.

Maabara wanafanya nini?

Kohozi hupakwa juu ya kioo chembamba, hukaushwa, kisha hutiwa rangi nyekundu. Halafu huoshwa kwa asidi na kutiwa rangi ya buluu. Kidudu cha kifua kikuu kina ngozi ya nta, hivyo hakiachi ile rangi nyekundu. Mpimaji akitazama kwa darubini inayokuza mara 1,000, huona vijiti vyembamba vyekundu mahali penye buluu.

Lakini darubini huhitaji maelfu ya vijidudu ndani ya mililita 1 ya kohozi ndipo viweze kuonekana. Kwa hiyo akiambiwa "hakuna kitu", na kikohozi kikaendelea, arudi tena. Siku hizi ipo pia mashine ya GeneXpert, ambayo hugundua hata vijidudu vichache.

Kohozi jema hutoka kifuani, si mate ya mdomoni. La asubuhi ni bora. Baba asukutue kwa maji, akoholee nje mbali na watu, kisha afunike kopo vizuri.

Ukiwa nyumbani

• Fungua madirisha kila siku, hata wakati wa baridi ya Juni na Julai. Hewa na jua ni adui wa kidudu hiki.
• Usimtengee baba sahani wala kikombe. Ugonjwa huu hupita kwa hewa, si kwa vyombo. Kumtenga kutamfanya afiche ugonjwa.
• Akionekana anao, wapeleke watoto wote wakapimwe. Mtoto mdogo humeza makohozi, kwa hiyo kumpima ni kugumu zaidi, na ugonjwa humshika upesi. Wapo watakaopewa dawa ya kuwakinga.
• Dawa hutolewa bure katika hospitali za serikali, na kwa kawaida humezwa miezi 6. Baada ya wiki chache baba atajisikia mzima na kutaka kuziacha. Asiziache! Kidudu kitakachobaki kinaweza kuwa sugu. Kabla ya safari, awaeleze wahudumu ili apewe dawa za kumtosha njiani.

Namna ya kumwambia

Usimwambie mbele ya wageni, wala usimtishe. Subiri ameshakula na kupumzika, umwambie kwa upole, "Baba watoto, kikohozi hiki kimekaa mno. Kesho twende wote tukapime." Wanaume wengi huogopa kwenda peke yao kuliko wanavyokubali kusema.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Tusingoje kilio, mama, maadam kipimo kipo.

Tukutane tena mwezi ujao.