Ada Tulimpa, Saa Hatukumpa

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuzinduliwa mwaka 1994, ili mtu asome pasipo kuihama nyumba yake. Leo masomo ya chuo hutufikia hata huku Ikinga, wilayani Ileje, kwa simu ya mkononi. Alhamdulillahi.

Lakini mwaka jana muumini mwenzetu, mama wa watoto wanne, alijiandikisha kusoma kwa mtandao, nasi tukamchangia ada. Muhula haukwisha, akaacha. Hakushindwa na somo. Alishindwa na kuni, maji na wageni. Ada tulimpa, saa hatukumpa.

Basi ndugu zetu, kabla ya kulipa, nyumba nzima ikae kikao. Atasoma baada ya Alfajiri au baada ya Isha? Simu itakuwa mkononi mwa nani saa hiyo? Fedha ya bando imetengwa? Masomo yamepakuliwa kabla umeme haujakatika? Siku ya mtihani atapika nani?

Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Surat Al-Asr, sisi tusiuchezee.

Mama huyo anataka kurejea masomoni. Safari hii kamati haikuanza na mchango. Ilianza kwa kuzungumza na mumewe.

Wabillahi tawfiq.