Kaa wa Nyuzi



Kijana mmoja wa mtaani kwetu amerejea likizo kutoka Muscat, akiwa na mwanzi wa kuvulia na kisanduku cha vyambo vya kusuka. Kusini mwa Omani aliwaona wageni wakimwinda samaki ambaye Wamarekani humwita permit, naye akatamani kumpata huku kwetu. Siku saba alishinda katika maji ya magoti, na siku saba akarudi mikono mitupu. Alipotujia na kisanduku chake, tuliona jawabu lake lawafaa wengi.

Samaki huyu ni wa jamaa ya kolekole: mpana wa ubavu, rangi ya fedha, mkia wa panda. Permit wa Atlantiki huenea tangu Marekani hadi Brazili. Bahari ya Hindi ina ndugu zake, na baadhi yao hufika pwani yetu. Maji yakijaa hupanda kwenye mafungu ya mchanga kutafuta kaa, kamba na kombe, na kooni ana mifupa ya kusagia makaka yao. Macho yake ni makali, na shaka yake ni kubwa kuliko njaa yake. Akishtuka mara moja, humwoni tena siku hiyo.

Chambo cha kumvulia si nyama. Ni ndoana iliyofungwa nyuzi na manyoya ili ifanane na kiumbe cha baharini, tena huwa chepesi hata hurushwa kwa uzito wa mshipi wenyewe. Wazungu hukiita nzi, kwa kuwa asili yake ni kuigiza wadudu wa mitoni. Kwa miaka mingi wavuvi wa Florida walimtupia permit vyambo hivyo kwa mafanikio machache. Katika miaka ya 1980, Mmarekani Del Brown alisuka kaa kwa nyuzi za kufumia mazulia, akamtia miguu ya mpira na macho ya risasi, akamwita Merkin. Katika maisha yake alivua permit zaidi ya 500, hali wako wavuvi hodari wasiojaliwa hata mmoja.

Tulimchukua kijana hadi kwa mzee mmoja aliyevua kwa mshipi wa mkono tangu utoto wake. Kijana akamwamkia, akafungua kisanduku. Mlikuwa na vyambo vyekundu, vya buluu na vya kumetameta.

"Huyu kaa wako," mzee akauliza, "akimwona samaki hufanya nini?"

"Namvuta mbiombio, babu, ili samaki amwone."

"Mjukuu wangu, kaa akiingiwa na hofu hushuka chini akajizika. Wako apaa kama ndege. Samaki asiogope?"

Mzee yule hajapata kulisikia jina la Del Brown, lakini siri ya Merkin ameitaja yote. Risasi ile humzamisha kaa upesi, kwa mshazari, kama kaa aliye hai anayekimbilia mchangani. Basi jambo la kwanza katika kuchagua ni uzito. Penye maji ya magoti chukua chepesi, kisije kikaanguka kwa kishindo. Penye maji ya kiuno chukua kizito, kifike chini kabla samaki hajapita. Kisha tazama rangi: juu ya mchanga mweupe, rangi ya mchanga; juu ya majani ya bahari, kijani kilichofifia au hudhurungi. Ukubwa nao ufuate kaa walioko hapo ulipo. Mwisho, hakikisha risasi imefungwa upande utakaoifanya ncha ya ndoana ielekee juu, isinase majani. Na samaki akikaribia, acha kuvuta. Mkono utulie, chambo kikae chini.

Kesho yake maji yalipokupwa, mzee alimchukua kijana pwani, wakafukua mchanga na kutazama kaa mmoja mmoja. Usiku ule kijana alisuka chambo kimoja kwa sufi ya kijivu aliyoiomba kwa mama yake. Hakikuwa na urembo wowote. Asubuhi samaki mmoja alikifuata, akainamisha kichwa hata ncha ya mkia ikachomoza juu ya maji, akakitazama, kisha akaenda zake. Kijana alirudi amelowa hadi kifuani, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanze safari zile.

Likizo yake yaisha Jumapili, na huenda akaondoka bila samaki. Sisi twaona hakurudi mikono mitupu. Alikuwa amenunua vyambo vya nchi ya mbali kwa akiba yake, na aliyejua kaa wa fungu lile alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwao, wala hapakuwa na aliyepata kumwuliza. Wazee wa namna hii wapungua kila mwaka, na wanayoyajua hayakuandikwa popote. Wazazi wenzetu, maji yakipwa juma hili, wapelekeni watoto pwani pamoja na babu zao, wakafukue mchanga. Na yeyote atakayejaliwa kumpata samaki huyu, ama amle na watu wake, ama amrudishe majini upesi angali na nguvu. Asimwache afe mchangani kwa ajili ya picha.