Mtoto katoka vipele? Usikimbilie kusema 'aleji'!

Mwezi uliopita dada mmoja wa mtaani kwetu alinigongea mlango asubuhi na mapema, kanga moja, mtoto mgongoni. "Shoga, mwangalie mwanao, dawa imemkataa!" Kweli bwana, mtoto wa miaka miwili, kifua na mgongo vyote vipele vidogo vidogo. Alikuwa siku ya tano ya amoksilini, ile ya unga unaochanganywa na maji, aliyopewa kwa homa na mafua. Chupa keshaitupa jalalani, na kichwani keshakata hukumu: mwanangu ana aleji ya penisilini. Kifungo cha maisha hicho!

Sasa sikia. Homa na mafua ya watoto mara nyingi huletwa na virusi, na virusi hivyo hivyo ndivyo vinavyotoa vipele. Dawa inakutwa tu kwenye eneo la tukio. Madaktari wa Montreal, Canada, waliwachukua watoto 818 walioambiwa wana aleji ya amoksilini, wakawapa tena dawa hiyo huku wakiwaangalia. Matokeo yalitoka mwaka 2016: watoto 94 katika kila 100 hawakudhurika na chochote!

Utasema, kwani hasara iko wapi, si atapewa dawa nyingine? Hasara ipo. Dawa nyingine mara nyingi ni ghali zaidi, au haifanyi kazi vizuri kama ile. Na mtoto mwenye selimundu hutakiwa kunywa penisilini kila siku hadi afike miaka mitano. Huyo ukimbandika aleji ya uongo umemvua ngao.

Lakini usinielewe vibaya, aleji ya kweli ipo, na inaua. Ile ya haraka huja ndani ya saa moja hivi baada ya dawa: mabaka yaliyovimba, yanawasha kama mtoto kaguswa na upupu, yanahama huku yanaibukia kule. Hayo peke yake acha dawa, mwone daktari. Ila midomo ikivimba, akikoroma kifuani, akitapika au kulegea, usisubiri teksi ya bei poa. Hospitali, achomwe adrenalini pajani.

Kuna nyingine ya kutisha zaidi, nayo haina haraka. Inaweza kuja wiki moja hadi nne tangu aanze dawa. Homa, macho mekundu, vidonda mdomoni, halafu ngozi inauma, inatoa malengelenge na kubanduka kama ya aliyeungua na uji. Watuhumiwa wakubwa ni dawa za salfa, zikiwemo zile wengi tunazoziita Septrin, na dawa za kifafa kama fenobabitoni. Hapo dawa inasimama saa hiyo hiyo, na wala hairudiwi tena kwa majaribio.

Salfa ina na kituko kingine: baka jeusi linalotokea palepale, labda mdomoni, kila mtoto anapoinywa. Huyo hana ubishi, ni dawa.

Na surua je? Hiyo hutanguliwa na homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, vipele vikianzia usoni na nyuma ya masikio. Halafu kumbuka, vitabu vingi huandika "vipele vyekundu", wakati kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu haujionyeshi. Mpeleke mtoto kwenye mwanga wa jua, mpitishe kiganja taratibu.

Daktari mwenyewe hana mashine ya ajabu ya kukwambia. Silaha yake kubwa ni maswali: dawa gani, dozi ya kwanza lini, vipele siku ya ngapi, alikula nini kingine? Ndiyo maana kutupa chupa ni kosa. Ibebe, hata kama imeisha.

Yule wa jirani yangu? Tuliiokota chupa, tukaenda. Daktari akampekua mdomo, macho, ngozi yote, akasema inaelekea ni virusi. Vipele vikafifia baada ya siku chache. Kwenye kadi hakuandika "aleji", aliandika jina la dawa, siku ya tano, vipele bila uvimbe, na kwamba akipona vizuri arudi anyweshwe dozi hapo hapo hospitalini, aangaliwe. Mama mtu bado anasuasua. Nimemwambia tutakwenda wote.

Wiki ijayo: mtoto ana homa, na wewe umemfunika mablanketi matatu!