Waajiri tajeni mshahara mapema



Baadhi ya waajiri wana tabia ya kuficha mshahara mpaka mwisho wa usaili. Tabia hii inawaumiza wananchi wengi wanaotafuta kazi, hasa sisi tunaokaa mbali na mjini.

Matangazo mengi ya kazi za makampuni hutaja kila kitu: elimu, umri, uzoefu, hata tabia njema. Yakifika kwenye mshahara yanasema "mshahara mnono" au "mshahara wa maelewano". Mnono kwa nani? Hata muuza mananasi ya Kiwangwa pale kituoni Chalinze hukutajia bei kabla hajalimenya nanasi lake.

Chalinze ni njia panda ya Morogoro na Tanga, kiasi cha kilometa 100 kutoka Dar es Salaam. Kijana wa Lugoba au Msata akiitwa usaili Dar es Salaam hulipa nauli ya kwenda na kurudi, hutoa kopi za vyeti, hula mgahawani, na kibarua cha siku hiyo kinampita. Mimi ni fundi umeme. Kampuni moja iliniita mara tatu kwa kazi hiyo hiyo moja: kwanza maswali, pili mtihani wa vitendo, tatu kuonana na meneja. Siku ya tatu ndipo nilipoulizwa, "Unategemea mshahara kiasi gani?" Nikasema 650,000/-. Wakatazamana, kisha wakaniambia kwamba wametenga 350,000/- na haziongezeki. Jambo hilo lingeweza kumalizwa kwa simu ya dakika moja kabla sijapanda basi.

Tena swali lenyewe si la haki. Anayeuliza anajua fedha iliyotengwa, anayeulizwa hajui. Ukitaja kubwa unaambiwa una tamaa. Ukitaja ndogo unachukuliwa kwa bei hiyo hiyo, hata kama walikuwa tayari kulipa zaidi. Hayo si maelewano, ni bahati nasibu.

Wapo watakaosema kwamba Serikali imekwisha kupanga kima cha chini. Ni kweli, na tunashukuru. Mwezi Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba wastani wa kima cha chini katika sekta binafsi unapanda kutoka 275,060/- hadi 358,322/- kuanzia Januari 1, 2026. Lakini kima cha chini kimewekwa ili mfanyakazi asinyonywe. Hakikuwekwa kuwa bei ya kila fundi mwenye cheti na uzoefu.

Waajiri wengine hudai kwamba wakitangaza mshahara, wafanyakazi wao wa zamani watanung'unika. Kama watanung'unika kwa sababu mgeni analipwa zaidi yao kwa kazi ile ile, basi kosa haliko kwenye tangazo.

Utumishi wa umma una utaratibu mzuri kuliko huo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida hutaja ngazi ya mshahara, kama vile TGS D. Ingekuwa vizuri zaidi kama na shilingi zenyewe zingeandikwa, maana mwombaji wa kijijini hawezi kujua ngazi hiyo ni fedha ngapi. Huko Ulaya, Umoja wao ulipitisha mwaka 2023 agizo la kwamba mwombaji aelezwe mshahara au kiwango chake kabla ya usaili, na asiulizwe alikuwa akilipwa kiasi gani alikotoka.

Hapa kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi, pamoja na mshahara na jinsi unavyokokotolewa. Ombi langu kwa wahusika ni kwamba sharti hilo lisogezwe nyuma, lianzie kwenye tangazo. Si lazima itajwe namba moja. Inatosha kusema "kati ya shilingi kadhaa na kadhaa, kulingana na uzoefu".

Vile vile isemwe kama fedha hizo ni kabla ya makato au ni za mkononi, kwa sababu hapo nako pana kutoelewana kwingi. Kwa viwango vya mwaka 2025, mfanyakazi wa kampuni mwenye mshahara wa 500,000/- anayekatwa asilimia 10 ya hifadhi ya jamii na kodi ya mapato hubakiwa na 435,600/-. Mmoja akisema laki tano za mkononi na mwenzake akafikiria laki tano kabla ya makato, hawatapatana hata wakikaa mpaka jioni.

Nasi waombaji tuache haya. Tukipigiwa simu ya usaili tuulize kwa heshima, "Samahani, mshahara wa kazi hii ni kati ya kiasi gani na kiasi gani?" Kuuliza si jeuri. Mtu anauza jasho lake, na ana haki ya kujua bei kabla hajatoa nauli.

Fundi Umeme,
Chalinze.