Jeep ya parokia, barabara ya serikali na sanduku la mfalme Yoashi



Siku hizi kila mgeni anayesimama Kasomeno anauliza habari ya barabara mpya. Wanaotufahamu wanajua kwamba hapa kwetu njia inayotoka Lubumbashi inagawanyika: mkono mmoja unashuka Kasenga kwenye mto Luapula, mkono mwingine unakwenda kaskazini kuelekea Pweto na ziwa Mweru. Serikali yetu na ile ya Zambia zilipatana barabara ya kulipia ya kilomita zaidi ya 180, itoke Kasomeno, ivuke Luapula kwa daraja, ifike Mwenda upande wa Zambia. Kazi ilipewa kampuni ya Hungaria. Shabaha yake ni malori ya shaba na kobalti yapate njia fupi ya kwenda Dar es Salaam, yasilale siku na siku kwenye foleni ya Kasumbalesa.

Watu wanahesabu faida, na wana haki. Lakini mimi nataka kwanza kuongea juu ya jeep ya parokia yetu, kwa sababu nadhani ugonjwa wa jeep ile na ugonjwa wa barabara zetu ni ugonjwa mmoja.

Jeep yenyewe ni Toyota Prado ya miaka ya 1990, ya mazuti, usukani kuume. Ilitoka Japani kwa meli, ikapitia Dar es Salaam. Saa yake ilionyesha kilomita 310,000 tulipoinunua, kama hakuna mtu aliyeirudisha nyuma njiani. Tulichanga miaka miwili. Siku ya kuipokea tulikuwa na kwaya nne, mbuzi wawili na hotuba ambazo sikuweza kuzihesabu. Kila aliyetoa alitajwa jina. Hakuna hata mmoja wetu, na mimi mchungaji nikiwa wa kwanza, aliyeuliza: mafuta ya injini ya mwezi wa tatu yatatoka wapi?

Injini ya aina ile ina mkanda ndani, unaopanga kupanda na kushuka kwa vali pamoja na pistoni. Kwa kawaida unabadilishwa kila kilomita 100,000, na Toyota waliweka taa ndogo mbele ya dereva ya kukumbusha. Taa yetu iliwaka. Dereva akaniambia, nikapeleka shauri kwenye kamati. Kamati ikasema tungoje mkutano wa vijana upite, kisha mavuno, kisha tuone. Nilikubali, maana taa haipigi kelele. Mkanda ulikatika kwenye mlima mdogo, tukirudi kutoka Kasenga. Vali ziligonga pistoni. Kazi ya kubadilisha mkanda ikawa kazi ya kufungua injini nzima, na bei ikapanda mara nane.

Jeep ilikaa chini ya mwembe miezi mitatu. Katika miezi ile, usiku mmoja wa mvua, mama mmoja wa ushirika wetu alishikwa na uchungu wa kuzaa na mtoto amekaa vibaya. Walimfunga kwa kitenge nyuma ya dereva wa pikipiki, na shangazi yake akakaa nyuma kumshikilia. Mama alipona. Mtoto hatukumpata. Sijui kama jeep ingemwokoa, na sitaki kujifanya najua. Lakini nilimzika mtoto yule, na nikiwa kaburini niliona ile taa ndogo.

Kuna watu wanasema shauri ni kununua motokari mpya. Tuseme ukweli: jimbo letu lina kobalti ambayo ulimwengu unaitafuta kwa ajili ya betri za motokari za umeme, lakini sisi tutaendesha mazuti ya mtumba kwa miaka mingi bado. Ripoti ya mwaka 2020 ya UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ilihesabu motokari ndogo milioni 14 zilizotumika ambazo ziliuzwa ng'ambo kati ya 2015 na 2018, hasa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na sehemu kubwa kuliko zote ilikuja Afrika. Kenya haipokei motokari iliyopita miaka 8. Uganda ilifunga mlango kwa zile zilizopita miaka 15, tangu 2018. Mlango mmoja ukifungwa, zile kuukuu zinatafuta mwingine. Daraja la Luapula likikamilika, naona zitapita mbele ya kanisa letu kwa wingi, na bei itawavuta wengi. Wachungaji wenzangu, kabla ya kuchanga, kumbukeni pia kwamba sisi tunaendesha kwa mkono wa kuume. Mwenye usukani kuume akitaka kulipita lori haoni kinachokuja mpaka ametoa nusu ya motokari katika njia ya wengine. Asimwache anayekaa kando yake asinzie.

Sasa nieleze tuliyojifunza, maana barua za kuniuliza zimekuwa nyingi.

Kinachoua Prado hizi si umri, ni joto. Maji ya radiatere yakipungua, kichwa cha injini kinapasuka, na hapo fundi mwaminifu atakushauri tu utafute kingine. Kwa hiyo asubuhi, injini ikiwa bado baridi, dereva wetu anafungua na kuangalia. Dakika mbili. Hatutii maji ya mto, yana chumvi na udongo unaoziba njia ndani. Tunatumia maji ya radiatere ya kununua, na tukikosa, ya mvua. Wakati wa kiangazi, mbegu za majani na vumbi jekundu vinajaza radiatere kwa nje. Tunaiosha tukisukuma maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele, si kinyume, maana kinyume kunashindilia uchafu ndani.

Vumbi hilohilo linaingia katika chujio la hewa. Lami ya kutoka Lubumbashi ikiisha na vumbi kuanza, tunalifungua kila wiki. Mazuti ya wale tunaowaita Kadhafi, ya bidoni kando ya njia, hatuyanunui tena isipokuwa kwa shida kubwa, maana yana maji. Na chini ya chujio la mazuti kuna kifunguo kidogo cha kutoa maji; madereva wengi niliowauliza hawakujua kwamba kipo. Mafuta ya injini tunabadilisha kila kilomita 5,000 pamoja na chujio lake. Ni lita saba hivi, si kidogo kwa mfuko wetu, lakini turbo ya kununua ni zaidi.

Juu ya piesi, kila fundi ana injili yake. Mimi nimefikia hapa: mlango, taa, kiti, hata springi, nunua za okazio bila haya. Mkanda, machujio na vya breki, nunua vipya, na mtu anayevijua aende mwenyewe dukani Lubumbashi, kwa sababu makaratasi mazuri yanafungia pia vitu vya uongo. Na kwaya ya watu kumi na wanne haiingii katika jeep ya watu wanane. Hili limeniletea maneno mengi kuliko mahubiri yangu yote ya mwaka jana.

Lakini fundi si shida yetu kubwa. Shida ni mfuko. Someni tena 2 Wafalme sura ya 12. Mfalme Yoashi aliagiza makuhani watengeneze mabomoko ya nyumba ya Bwana kwa fedha zilizokuwa zikiingia. Mwaka wa 23 wa ufalme wake ukafika, na ukuta ulikuwa bado umebomoka. Maandiko hayasemi kwamba makuhani waliiba. Fedha ya kutengeneza ilikuwa katika mkono uleule wa fedha ya kila siku, na mahitaji ya kila siku hayaishi. Kisha kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Iliyoingia humo haikutengeneza mabakuli ya fedha wala tarumbeta. Ilikwenda kwa maseremala, waashi na wakata mawe.

Sanduku letu ni la bati, lina kufuli mbili: mweka hazina ana ufunguo mmoja, mama mmoja wa umoja wa wamama ana mwingine. Kila kilomita 100 jeep inapokwenda, dola 5 zinaingia, iwe safari ya mchungaji, ya mgonjwa au ya harusi. Mgonjwa asiye na kitu, diakonia inamlipia, lakini sanduku lazima lipate. Tukienda kilomita 1,200 kwa mwezi, ni dola 60. Mzee mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alisimama kwenye mkutano akasema kwamba Arnot alifika Bunkeya mwaka 1886 bila Toyota. Kweli, Baba. Lakini alikuwa na wapagazi, na wapagazi nao walikula. Wamama walicheka, na kura ikapita.

Sasa nirudi kwenye barabara. Nchi yetu nayo ina sanduku. Linaitwa FONER, mfuko wa kutengeneza barabara, uliwekwa kwa sheria mwaka 2008. Unalishwa na sehemu ya bei ya kila lita tunayonunua kwenye pompe, na peaje za njiani. Yaani sisi wenye jeep kuukuu tumekuwa tukitoa sadaka ya barabara muda huu wote. Kila mmoja wenu, kuanzia Kalemie hadi Beni, anaweza kutazama njia ya mbele ya kanisa lake na kusema sadaka ile imefika au haikufika. Barabara ya Mwenda itakuwa na peaje yake pia. Lami siku ya kufunguliwa itang'aa, na hotuba zitakuwa nyingi, kama za siku ya jeep yetu. Swali langu ni la mwaka wa nne, baada ya malori ya tani kwa tani na mvua nne: sehemu gani ya peaje imetengwa kwa kutengeneza, nani ana ufunguo wa pili, na hesabu itasomwa wapi? Watu wa Kasomeno watalipa kama malori, au watapewa bei yao? Mama wa samaki wa Kasenga atapita kwa kiasi gani?

Tumeandika maswali haya katika barua moja, parokia yetu na mbili za jirani, tukaipeleka kwa msimamizi wa teritwari. Tuliambatisha nakala ya daftari la sanduku letu la mwaka mzima. Wengine waliona ni ujinga kumwonyesha mkubwa hesabu ya jeep. Mimi niliona kwamba bila daftari lile nisingethubutu kuuliza, maana mwaka ule wa mkanda mtu angeniuliza mimi kwanza.

Jibu halijafika. Jeep inatembea. Mkanda mpya uliwekwa kwenye kilomita 352,000. Kwa vumbi la kwetu tumekata shauri kuubadilisha kwenye 432,000, tusingoje taa. Jumapili iliyopita mweka hazina alisoma: saa inaonyesha 391,400, na sanduku lina dola 212 na franka kidogo.